Bwana Spika Aomba Heshima

Muhidini Chiponda alikuwa na sauti iliyomtangulia kila alikokwenda, kama tumbo la tajiri. Hata akiomba dua kimoyomoyo, safu ya nyuma msikitini walijua anamwomba Mungu nini. Kwa hiyo serikali haikukosea ilipompa kazi ya habari. Mwaka 1969 alirudi kutoka Dar es Salaam na shahada yake, Myao wa Masasi aliyesoma, akakabidhiwa cheo cha Afisa Habari, meza yenye mguu mmoja mfupi, na Landrova la kijivu lenye spika mbili paani zilizosimama kama masikio ya punda. Cheo chake cha kwenye karatasi kilikuwa kirefu, hakikuenea mdomoni mwa watu. Mji wa Mtwara ukamwita Bwana Spika, naye akaitika.

Afisa wa ngazi yake angeweza kukaa kivulini na kumtuma mtu mwingine kutangaza. Muhidini hakukubali. Alikipenda kile kipaza sauti kama mlevi anavyoupenda uraka msimu wa mabibo. Alikaa mbele, kando ya dereva wake Thabiti, mtu mpole ambaye baada ya miaka kadhaa chini ya spika zile alikuwa akisikia nusu tu ya aliyoambiwa, na nusu hiyo ikamtosha. Wakazunguka mji na vijiji. Muhidini alitangaza kwamba maji yatakatika, wakati watu wameshatoka visimani na ndoo zao kichwani. Alitangaza kwamba mgeni rasmi anakuja, mgeni rasmi akiwa ameshakula pilau na kuondoka. Hata hivyo watu walitoka majumbani kumsikiliza, kwa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuichunguza. Kutoichunguza huko ndiko kulikotaka kumponza.

Mwaka 1974 alishikwa na hamu ya kurudi shule. Maradhi yalianzia kwenye mchoro. Katika kijitabu alichogawiwa kwenye semina kulikuwa na kisanduku kushoto, kimeandikwa Mtoaji. Kisanduku kulia, kimeandikwa Mpokeaji. Na mshale katikati umebeba Ujumbe. Juu ya mshale palichorwa kiradi kidogo kilichoupiga mshale mgongoni. Kile kiradi kiliitwa Makelele. Kijitabu kilisema makelele ndiyo adui wa ujumbe, na kazi ya mtaalamu ni kuyapunguza hadi yaishe. Muhidini aliutazama mchoro ule kama kijana anavyotazama picha ya mchumba. Miaka yote hiyo alikuwa akipiga kelele juani bila kujua kwamba yeye ni kisanduku cha kushoto.

Basi palikuwa na chuo, tusikitaje maana kina heshima zake, kilichokuwa kimefungua masomo ya shahada ya pili katika nadharia ya mawasiliano. Muhidini aliamua kwamba asipokwenda kule atakufa mjinga. Akamweleza Thabiti. Thabiti akamweleza mkewe. Siku iliyofuata Somoe, mke wa Muhidini, mwanamke wa Mikindani aliyezoea kupokea habari za nyumbani kwake kutoka nje, alikuwa akipepeta mchele barazani mumewe alipoingia.

"Nadharia ya mawasiliano ndiyo nini?" akauliza bila kuinua macho.

"Ni elimu ya namna mtu anavyomfikishia mwenzake habari."

"Inachukua muda gani?"

"Miaka miwili."

"Na mimi nimefikishiwa na mke wa Thabiti, kisimani." Alipuliza pumba zikamrukia mumewe kwenye suruali. "Nenda, baba. Naona una haja nayo."

Ruhusa ya nyumbani ikawa imepatikana. Yakabaki masharti ya Chuo, na masharti yale yalitungwa na mtu asiyependa watu. Mwombaji awe na shahada ya kwanza, daraja la pili la juu. Muhidini alikuwa na daraja la pili la chini, maana mwaka wa mwisho alitumia muda mwingi katika uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, ambako alishindwa kwa sauti kubwa. Lakini Chuo kilikuwa kimeacha kitundu cha panya kwa watu kama yeye: mwenye daraja la chini angeweza kuingia ikiwa amefanya kazi ya kupeleka habari kwa umma kwa miaka mitano, na ikiwa mhadhiri atamtazama kazini kwa macho yake na kuthibitisha kwamba ujumbe unawafikia watu. Tena alete shahidi mmoja, mtu mwenye dhamana ya umma, aliyekuwa akipokea habari zake kwa miaka hiyo. Shahidi asiwe chini yake kikazi. Asiwe wa ukoo wake, wala wa ndoa yake.

Hapo kwenye ukoo na ndoa ndipo Muhidini alipokaa chini. Mkuu wake wa kazi alikuwa mjomba wa Somoe. Hakimu alioa kwa akina Somoe. Mganga mkuu alikuwa bado anaposa, lakini kwa akina Somoe hao hao. Mtu akioa Mikindani, akitema mate dirishani yanamwangukia jamaa wa mkewe. Wakuu wa bandari walikuwa wageni, hata mwaka hawajamaliza. Alifikiri hadi fikra zikamwishia, na mwisho wa fikra zote alimkuta amesimama mtu mmoja tu, amejishika kiuno, anamcheka. Mwalimu Modesta.

Mwalimu Modesta alikuwa mkuu wa shule ya msingi katika kijiji cha Ziwani. Alikuwa Mmakonde, Mkatoliki wa rozari shingoni na chaki nyuma ya sikio, mjane, mwanamke aliyejaa vizuri kwenye kitenge chake. Na kwa kuwa yeye ni Mmakonde na Muhidini ni Myao, walikuwa watani. Babu zao walikwisha maliza kugombana na kuwaachia wajukuu matusi tu kama urithi. Mtani hakasirikiwi. Mtani huchukua kitu chako mbele ya macho yako ukasema ahsante. Mtani siku ukifa ndiye anayeruhusiwa kulala kwenye shimo lako na kukataa kutoka hadi apewe chochote.

Kila Jumamosi Modesta alishuka mjini kwa gulio la Chikongola, na kila Jumamosi alimkuta Muhidini na spika zake. Muhidini akianza, "Wananchi, mnatangaziwa kwamba," sauti ya Modesta ilipanda kutoka kwenye mafungu ya mihogo: "Nani kamfungulia huyu?" Soko likacheka. Muhidini akajibu kwamba amefunguliwa ili awatafute Wamakonde waliokula panya wote wa mkoa, sasa paka wanalalamika serikalini. Modesta akasema afadhali mla panya kuliko mla watu, maana babu yake Muhidini alimuuza babu yake yeye kwa kipande cha kaniki, na kaniki yenyewe ilikuwa na matundu. Watu wakaacha kupima karanga, wakasogea. Na katikati ya kurushiana maneno, Muhidini alichomeka tangazo lake kidogo kidogo, kama mama anayemlisha mtoto dawa ndani ya uji.

Yeye hakuliona hivyo. Aliporudi kwenye mchoro wake, alikiangalia kile kiradi juu ya mshale, akakiona kimevaa kitenge na rozari.

Alimkuta Modesta kwenye shamba la shule, akisimamia wanafunzi wanaopanda mihogo kwa ajili ya elimu ya kujitegemea. Modesta alimwona toka mbali.

"Watoto, ficheni majembe," akasema. "Myao anakuja, huyo akishindwa kuuza mtu anauza jembe."

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Umeleta nini? Mikono mitupu. Hata mvua ikija huja na radi."

Muhidini akamweleza: shahada ya pili, mhadhiri anakuja, shahidi anatakiwa, na hakuna mwingine. Modesta akasikiliza, na kadiri alivyosikiliza uso wake ulizidi kuchanua.

"Kwa hiyo mimi nisimame mbele ya msomi aliyetoka Dar es Salaam, niulizwe habari zako?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wangu huu?"

"Hapo ndipo penye ombi langu, mtani." Muhidini alifuta jasho. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa yakatoka yote kwa mkupuo, tena kwa ile sauti yake, hata wanafunzi wa mwisho wa shamba wakainua vichwa. "Naomba siku hiyo tuweke utani kando. Pale sokoni nikitangaza usinijibu, na mbele ya mhadhiri uniseme kwa heshima. Siku moja tu. Mambo haya ni ya kitaalamu."

Modesta alitoa chaki nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha.

"Unaniomba heshima."

"Kidogo tu."

"Kidogo sina," akasema Modesta. "Nikikupa nakupa yote. Nenda salama, Ndugu Afisa Habari."

Muhidini aliondoka anashangilia moyoni. Thabiti, aliyekuwa amesimama kando ya gari, alimtazama kama mtu aliyeona mwenzake akitia chumvi kwenye chai.

"Kakuita Ndugu Afisa Habari," akasema.

"Ndiyo. Amekubali."

"Mimi nasikia nusu tu, bwana," akasema Thabiti, akiwasha gari, "lakini nusu hiyo sijaipenda."

Mhadhiri alifika Ijumaa. Dakta Kaishozi alikuwa mtu wa Bukoba, mwembamba, aliyekaa ng'ambo muda mrefu hadi akawa anakunywa chai bila sukari kwa hiari yake. Alilala Naliendele, kwenye nyumba ya wageni ya watafiti wa mikorosho, maana alikuwa na utafiti wake pia wa namna wakulima wanavyopata habari. Muhidini alimpelekea mchoro. Alikuwa ameuchora upya kwa rula, visanduku vimenyooka, mshale umenona. Kile kiradi alikuwa amekifuta.

"Makelele yako wapi?" Dakta akauliza.

"Nimeyaondoa, Dakta. Kesho utaona."

Jumamosi asubuhi Muhidini alivaa suti yake ya kazi iliyopigwa pasi hadi inaweza kusimama bila yeye. Tangazo la siku lilikuwa rahisi: Alhamisi, asubuhi kabla jua halijawa kali, kila mwenye kuku awalete pale pale Chikongola wachanjwe mdondo, bure, wafungwe miguu au watiwe kwenye matenga, wasije wakachanganyika. Mdondo ulikuwa umeshaanza kufyeka kuku vijiji vya kusini. Habari yenyewe ilikuwa ya maana, tena safari hii, kwa ajabu ya Mungu, ilikuwa imewahi.

Thabiti alisimamisha Landrova mahali pake pa siku zote, mbele ya wauza ming'oko, vile viazi vya porini. Dakta alisimama pembeni na kalamu yake. Muhidini alishuka, akamkuta Theresia, mama mtu mzima wa Kimakonde aliyeuza ming'oko ya kuchemsha, mwanamke anayeweza kumzaa Muhidini na kubakiwa na nguvu za kumzaa mwingine. Kila Jumamosi Theresia humpokea kwa kumrushia ganda. Leo aliinuka, akafunga kanga vizuri, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema Theresia.

Muhidini alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeamkiwa. Hapakuwa na mtu.

"Mama, hapana," akanong'ona, na nusu ya soko ikasikia. "Mimi ndiye nikuamkie."

"Tumeambiwa leo unataka heshima, ntani," akasema Theresia, halafu akajirekebisha. "Samahani. Ndugu."

Alipopanda kwenye ngazi ya gari na kushika kipaza sauti, akaona jambo lote. Modesta amesimama mstari wa mbele, amevaa gauni la kanisani, mikono ameikunja kifuani kama anayesubiri komunyo. Kando yake kwenye kikapu kuna jogoo mwekundu aliyemnunua kwa ajili ya Jumapili. Na nyuma yake soko zima: wauza karanga, wauza samaki wakavu, Wamakonde kwa Wamakua, wamesimama kimya, wamevua kofia. Hata aliyekuwa akinoa visu aliacha kunoa. Muhidini alikuwa amewahi kuona utulivu wa namna ile, lakini kwenye mkutano ule mwenzao mmoja alikuwa kwenye jeneza.

"Wananchi," akasema. "Mnatangaziwa kwamba."

Akasita, akiacha nafasi. Hakujua kama alikuwa ameizoea ile nafasi. Ilikuwa nafasi ya Modesta. Haikujazwa na kitu. Spika zikavuma peke yake.

Akaendelea. Akasema Alhamisi, akasema asubuhi, akasema matenga, akasema mdondo. Sauti yake kubwa ilitoka, ikaenda hadi kwenye paa za maduka, ikarudi mikono mitupu. Watu walitikisa vichwa kwa adabu. Alipomaliza walipiga makofi kidogo, ya vidole, kisha wakatawanyika taratibu kama watu wanaotoka makaburini.

Dakta Kaishozi alionekana kuridhika. "Hadhira tulivu sana," akasema. "Sijapata kuona. Sasa tuone kilichowafikia." Akamwendea mwuza karanga. "Baba, bwana huyu ametangaza nini?"

"Ametangaza vizuri," akasema mwuza karanga.

"Ndiyo. Lakini amesema nini?"

"Mambo ya serikali."

Dakta akaandika. Akamwuliza mnoa visu, aliyesema kwamba bwana yule amezungumza kwa adabu na hakumtukana mtu. Akamwuliza Theresia. Theresia alifikiri sana, kwa nia njema, akasema anadhani kuna mtu amekufa lakini jina hakulishika. Yeye alikuwa anajizuia asicheke, na mtu akijizuia kucheka masikio nayo huziba.

Dakta akafunga kalamu. Hakuwa mtu katili, ila alikuwa na masharti yake. "Ndugu Chiponda," akasema, "kuna mpokeaji mmoja tu katika soko hili, naye ni mimi, na mimi sina kuku. Nadhani tumalizie kwa shahidi, kisha nirudi Naliendele."

Muhidini aliiona miaka miwili yake ikiondoka kama gari ambalo halina breki. Kibaya zaidi, aliwaona kuku. Alhamisi daktari wa mifugo angekaa pale na sindano zake, peke yake, akipigwa na jua. Akamwendea Modesta.

"Mtani, tafadhali."

"Ndugu Afisa Habari," akasema Modesta, kwa upole uliowasha kama upupu. "Nimekukosea wapi? Heshima haikutosha? Kuna mahali nilipunguza?"

"Wamekaa kama wako msibani."

"Mtu anayemwomba mtani wake adabu, sisi tunaelewa amekufa. Au anataka tuuvunje undugu wa mababu. Sikujua wewe ni lipi, nikawaambia watu wafanye yote mawili."

Hapo ndipo Muhidini alipotambua amefanya nini kule shambani. Hakumtukana Modesta, afadhali angemtukana. Alimwonyesha kwamba anaona haya kuwa mtani wake. Na kwa kosa la namna hiyo huendi kuomba msamaha, maana msamaha nao ni heshima, ungeongeza tusi juu ya tusi. Ipo njia moja tu. Muhidini aliinama na ile suti iliyopigwa pasi, akamchukua jogoo wa Modesta kikapuni, akambana kwapani, akapanda naye kwenye boneti la Landrova. Thabiti, ambaye safari hii alisikia yote, alikuwa ameshafungua spika hadi mwisho.

"Wananchi," Muhidini akanguruma. "Nimemkamata jogoo wa Mmakonde. Tazameni alivyonenepa. Nilikuwa nikijiuliza panya wa Newala waliobaki wanaliwa na nani, kumbe wenyewe wanagawana na jogoo."

Soko likaganda. Macho yote yakamwendea Modesta. Modesta alisimama vile vile, mikono kifuani, uso hauna habari. Muhidini akazidi kumbana jogoo kwapani. Jogoo akampigapiga kwa mabawa.

"Nani," akasema Modesta polepole, "kamfungulia huyu?"

Kicheko kilichotoka pale kiliangusha fungu la ming'oko. Mnoa visu alirudi mbio. Kutoka madukani watu walitoka na vikombe vyao vya kahawa mkononi.

"Nimefunguliwa na serikali," Muhidini akajibu, "nije kuwaambieni Alhamisi jogoo huyu achomwe sindano ya mdondo hapa hapa, asubuhi kabla jua halijawa kali, na mwenye jogoo achomwe mbili, moja ya mdomo."

"Sindano itavunjika," mtu akapiga kelele.

"Lete hiyo." Modesta alikuwa ameshafika kwenye gari, amepandisha mguu kwenye ngazi na gauni lake la kanisani, na kabla Muhidini hajajua la kufanya, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa mwalimu. Yeye mwenyewe akabaki na jogoo. "Msimsikilize," Modesta akaliambia soko. "Ni Alhamisi, hilo kaokota mahali. Ni hapa hapa, ni asubuhi, na ni bure, na mkisikia bure kwenye mdomo wa Myao ulizeni mara mbili. Mimi nimeuliza, ni bure kweli. Wafungeni miguu au watieni kwenye matenga. Ila kamba msimpe huyu awashikie. Watu wa kwao wakishashika kamba hawajui kuiacha hadi wafike pwani wakute jahazi."

Hata wazee wa Kiyao waliokuwa wakinywa kahawa walicheka hadi wakapaliwa. Mmoja akapiga kelele kwamba babu yake Modesta hakununuliwa kwa kaniki, mnunuzi aliongezwa kaniki ili akubali kumchukua. Wakajibiwa. Wamakua nao wakaingilia, hakuna aliyewaita. Kwa muda mrefu pale Chikongola hakuna aliyeuza kitu, na neno Alhamisi lilipita mdomo kwa mdomo limevikwa matusi ya kila aina.

Dakta Kaishozi alikuwa amevua miwani. Alimwendea tena Theresia, aliyekuwa akiokota ming'oko yake.

"Mama, wametangaza nini?"

"Kuku, Alhamisi, asubuhi, hapa," akasema Theresia, bila kumtazama. "Bure. Kwenye matenga. Na Myao asipewe kamba."

Akamwuliza mwuza karanga, akapata hayo hayo na tusi moja zaidi. Akamwuliza mtu aliyefika sasa hivi, ambaye hakuwapo wakati wote huo, na yule naye akamweleza, huku akijishika mbavu.

Alirudi kwenye gari. Muhidini alikuwa ameshuka, suti imepata kinyesi cha jogoo begani.

"Haya ndiyo makelele uliyoyafuta kwenye mchoro?" Dakta akauliza.

"Ndiyo, Dakta."

"Mbona hukuniambia kuna utani? Hata kwetu upo. Ningejua ninatazama nini."

"Masharti hayakuuliza."

Dakta alicheka kidogo, kwa pua, kicheko cha mtu aliyesoma. Akageukia shahidi. Modesta alikuwa amekaa kwenye ngazi ya Landrova, anajipepea kwa kiganja.

"Mwalimu, unamfahamu mwombaji tangu lini?"

"Tangu babu yake alipomuuza babu yangu."

Kalamu ya Dakta ilisimama, kisha ikaendelea. "Miaka hii mitano, habari anazozitangaza zimekuwa zikikufikia?"

"Hazinifikii. Nazifuata mwenyewe kutoka Ziwani hadi hapa ili nizipinge."

"Ukishazipinga?"

"Nikishazipinga nafika nazo shuleni, nawaambia walimu, nawaambia wazazi. Siwezi kupinga kitu nisichokijua."

"Kwa maoni yako, anafaa kupokewa kwa masomo ya shahada ya pili?"

Muhidini alitazama chini. Alikuwa amekwisha mrudisha jogoo kikapuni, na sasa mikono haikuwa na kazi.

"Mchukueni," akasema Modesta. "Mchukueni hata leo. Masikio ya Mtwara yapate miaka miwili ya kupona."

"Niandike hiyo ni ndiyo?"

"Dakta, baba, wewe ndiye uliyesomea mawasiliano."

Dakta akaandika ndiyo. Kisha akageuza karatasi, na Muhidini akajua kilichobaki upande wa pili. "Swali la mwisho. Sharti linasema shahidi asiwe wa ukoo wa mwombaji, wala wa ndoa yake. Mwalimu, wewe ni nani kwake?"

Mtani si wa ukoo. Kila mtu anajua. Lakini mtani ndiye atakayeosha mwili wako ndugu zako wakishindwa, ndiye anayeingia jikoni kwako na kufunua sufuria, na Chuo hakikuwa kimetenga mstari wa kumwandika mtu wa namna hiyo. Modesta alimtazama kuanzia viatu hadi begani penye uchafu wa jogoo, taratibu, kama anayechagua muhogo.

"Andika si wa ukoo," akasema. "Wa ukoo ningemwonea huruma."

Dakta akaandika, akapiga mstari chini, akatia sahihi. Akamwambia Muhidini aripoti Chuoni mwezi wa saba, aje na sababu zake zote za kukifuta kile kiradi, kwa kuwa huko ndiko watakakoanzia. Akapeana naye mkono. Akaenda kununua ming'oko.

Muhidini alibaki mbele ya Modesta. Alifungua mdomo.

Modesta akainua kidole.

"Ukinishukuru," akasema, "namfuata Dakta pale kwenye ming'oko, namwambia wewe ni mume wangu wa kwanza."